Jina la Kiswahili, Mazungumzo ya Kifaransa: Uhakiki wa Mihadhara ya Historia Mjini Lubumbashi

Utangulizi

Makala haya yanahusu mihadhara ya wazi juu ya historia na utamaduni wa Katanga, ile ambayo wenyeji wa Lubumbashi huiita konferansi. Mihadhara hiyo hufanyika katika kumbi za chuo kikuu, katika jumba la makumbusho, katika vituo vya utamaduni na mara nyingine katika kumbi za parokia. Mpangilio wake unajulikana na kila aliyewahi kuhudhuria. Mtaalamu husema kwa muda wa saa moja hivi, msimamizi wa kikao humshukuru, kisha hadhira hupewa nafasi ya kuuliza maswali. Mwishoni watu hupigana picha, wakanywa soda, wakaagana.

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na mashairi. Mhadhara wa wazi haujahesabiwa kuwa matini inayostahili kuhakikiwa, labda kwa sababu hupita na kusahauliwa. Hata hivyo nao una msemaji na hadhira, una lugha yake na kanuni zake za nani aseme lini. Kwa hiyo twaweza kuuliza juu yake swali lile lile tunaloliuliza juu ya matini yoyote: je, unasemwa kwa nani?

Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo hujibiwa na mgawanyo wa lugha. Kazi za historia zilizotungwa na watu wa Lubumbashi wenyewe, bila kusubiri wasomi, kwa kawaida zilivaa Kifaransa kwa nje na kubeba Kiswahili ndani. Kazi za wasomi juu ya watu hao hao mara nyingi huvaa Kiswahili kwa nje na kubeba Kifaransa ndani. Tutajaribu kuonyesha kwamba mgeuzo huo hubadili hata maana ya yale yanayosemwa.

Kisa cha kikao kimoja

Hapana budi kuanza na kosa la mwandishi wa makala haya mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliombwa kusaidia katika kikao kimoja kuhusu maisha ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Mhadhara ulitolewa kwa Kifaransa. Kazi yangu ilikuwa kumfasiria mgeni mmoja yale ambayo wasikilizaji wangeyasema kwa Kiswahili, na kuyatolea muhtasari kwa faida ya kikao kizima.

Ulipofika wakati wa maswali, alisimama mzee mmoja mstaafu, akasema kwa dakika kumi hivi. Hakuuliza swali. Alisimulia habari za posho, yaani chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi na jamaa zao kila juma. Alitaja siku ya kupanga mstari, akataja unga, maharage na samaki, akaeleza jinsi mama mzazi alivyorudishwa nyumbani kwa kuwa jina la mtoto mchanga halijaandikwa bado. Kisha akageukia siku za leo, akasema maneno machache, akaketi. Watu walimpigia makofi.

Nami nikatoa muhtasari wangu kwa sentensi mbili: kwamba mzee anakumbuka jinsi kampuni ilivyokuwa ikigawa chakula, na kwamba kwa maoni yake maisha ya zamani yalikuwa bora kuliko ya sasa. Mtaalamu alimshukuru kwa ushuhuda wake, akaongeza kwamba hamu ya namna hiyo ya kurudi katika malezi ya kampuni ni jambo lililokwisha kuchunguzwa sana. Kikao kikaendelea.

Tulipokuwa tukitoka, mzee aliniita akaniuliza nilimwambia nini yule mgeni. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemsahihisha mwanawe, kwamba hakusema maisha yalikuwa bora. Alisema kwamba zamani mtu aliijua siku. Posho ilikuwa na siku yake, na kutoka siku hiyo mtu aliweza kuhesabu mpaka nyingine, hata kama mgawo wenyewe ulikuwa haba na mkubwa wa kambi alikuwa mkali. Leo mtu hawezi kuhesabu.

Tofauti iliyopo hapa si ndogo. Mimi nilimfanya mzee alinganishe shibe na njaa, naye alilinganisha wakati unaohesabika na wakati usiohesabika. Mwanaisimu alipaswa kulitambua hilo kabla ya wengine wote, maana ushahidi umo katika neno lenyewe. Katika Kilingala neno poso, ambalo ni ndugu wa posho, limekuwa ndilo jina la juma: mgawo wa chakula uligeuka kuwa kipimo cha wakati. Mzee alikuwa akisema jambo ambalo lugha za nchi yetu zilikwisha kulisajili. Nililisikia kwa Kiswahili, nikalitoa kwa Kifaransa likiwa limekuwa jambo jingine, ambalo mtaalamu alilitarajia tangu mwanzo.

Kifaransa nje, Kiswahili ndani

Ili kuelewa kwa nini kosa kama hilo hutokea kwa urahisi, ni vema kwanza tutazame jinsi watu wa mji huu walivyosimulia historia yao walipokuwa wao ndio wenye kikao.

Mfano wa kwanza ni maandishi ya André Yav, yaliyopigwa taipu mwaka 1965 na kuitwa Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Elisabethville ndilo jina la kikoloni la mji huu, uliopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966. Maandishi hayo yalitungwa kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, maboyi kama walivyoitwa, nao wanasimulia jinsi nchi ilivyotwaliwa, jinsi mji ulivyoanza na jinsi mabwana walivyoishi na watumishi wao. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani msomaji hukutana na Kiswahili cha Lubumbashi, kilichoandikwa kama kinavyosikika, bila tahajia moja na bila vituo vya kuaminika. Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990 kwa msaada wa Kalundi Mango na pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, ameeleza kwamba maandishi hayo yalifahamika vizuri yaliposomwa kwa sauti na mtu mwenye lugha hiyo. Yalikuwa yamewekwa kwenye karatasi, lakini makao yake yalikuwa mdomoni na sikioni.

Mfano wa pili ni Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji huyu alimpatia Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, michoro ipatayo 100 inayosimulia historia ya nchi tangu zamani za wahenga hadi enzi ya Mobutu. Kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji wetu, kimo katika michoro hiyo. Mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mwezi wa Desemba 1941 yamo pia. Maneno yaliyoandikwa juu ya turubai kwa kawaida ni ya Kifaransa, ila mchoraji alipoeleza kila mchoro alieleza kwa Kiswahili, na maelezo hayo ndiyo yanayoifanya michoro iwe historia. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1996 kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili aliyetaka kusikia sauti ya mchoraji mwenyewe ilimbidi asubiri matini ya mazungumzo yatolewe baadaye katika hifadhi ya Kiswahili cha umma kwenye intaneti.

Mfano wa tatu ni wa jukwaani. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo, lililojulikana kwa michezo ya redio na televisheni, lilitayarisha mchezo ulioitwa Le pouvoir se mange entier. Maana yake ni kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi vipande. Jina hilo la Kifaransa lilisimamia mchezo ulioigizwa kwa Kiswahili, mbele ya watazamaji waliojua vizuri ni madaraka gani yanayosemwa.

Katika mifano yote mitatu Kifaransa kimekaa mlangoni. Sababu yake si vigumu kuiona. Kifaransa kilikuwa lugha ya serikali, ya kampuni na ya shule. Aliyeandika jina la Kifaransa juu ya kazi yake alikuwa akiwaambia wakubwa kwamba jambo hili ni zito nalo linastahili heshima. Akiisha kupita mlangoni aligeukia watu wake, akawaambia mambo yao kwa lugha yao.

Kiswahili nje, Kifaransa ndani

Sasa tutazame upande wa wasomi. Ni haki kukiri kwanza kwamba tangu mwaka 2000 yamefanyika mambo makubwa. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliowaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na Bogumil Jewsiewicki na wengine, uliingiza katika jumba la makumbusho la mji vitu ambavyo hapo awali havikuhesabiwa kuwa vya makumbusho: vyombo vya nyumbani, picha za familia, nyimbo na masimulizi ya maisha ya wafanyakazi na wake zao. Kabla ya hapo jumba hilo lilijulikana zaidi kwa masalio ya kale na sanaa za vijijini. Mtu wa Kenya au Katuba aliyeingia humo hakuwa akijiona. Mradi ulimpa nafasi ya kujiona, na jambo hilo halipaswi kudharauliwa.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutazama jinsi kazi hizo zilivyojiita na jinsi zilivyosema. Kitabu cha mradi, kilichohaririwa na Violaine Sizaire na kutoka mwaka 2001, kimebeba neno ukumbusho katika jina lake, lakini kimeandikwa kwa Kifaransa. Mwaka huo huo Dibwe dia Mwembu alitoa kitabu chake juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga tangu mwaka 1910 hadi 1997, nacho jina lake linaanza na maneno Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, kisha Kifaransa kinaendelea. Kituo cha sanaa kilichoanzisha tamasha la kimataifa la picha na sanaa mjini hapa mwaka 2008 kinaitwa Picha. Tukiyapanga majina hayo pamoja, tunaona kwamba Kiswahili kimehamia mlangoni, na Kifaransa kimeketi sebuleni.

Kuna sababu za kweli za hali hiyo. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Chuo kikuu kinafundisha kwa Kifaransa. Mhadhiri msaidizi hupanda cheo kwa makala ambayo tume ya wasomi inaweza kuyasoma na kuyapima. Vitabu hivyo vilichapishwa Paris kwa ajili ya wasomaji walioko mbali. Mtu asiyaone maneno haya kama lawama kwa waandishi: bila vitabu vyao, mengi tunayoyajua yangekuwa yamekwisha kuzikwa pamoja na waliotuambia.

Lakini mhadhara wa wazi si kitabu. Hauchapishwi Paris wala haupimwi na tume. Wanaokuja kuusikiliza wametoka Kamalondo, Ruashi na Kampemba, wengine kwa miguu. Hapo sababu zote zilizotajwa juu ya kitabu hukoma, na bado mgawanyo wa lugha hubaki ule ule. Jina la kikao huwa na neno la Kiswahili ili kuwavuta watu, mhadhara huwa wa Kifaransa, na Kiswahili huruhusiwa kurudi katika dakika za mwisho kwa jina la ushuhuda. Neno hilo lastahili kuangaliwa. Shahidi ni mtu anayeleta habari ili mwingine aamue. Mzee wa kikao chetu alikuwa amekuja na uamuzi wake, yaani na fasiri yake ya miaka ile, nasi tukaipokea kama habari tupu.

Ukumbusho na kumbukumbu

Hapa isimu yaweza kusaidia kidogo. Kiswahili kina nomino mbili ambazo Kifaransa, katika vitabu tulivyovitaja, huzikusanya chini ya neno mémoire. Nomino ya kwanza ni kumbukumbu, inayotokana na kitenzi kukumbuka. Ya pili ni ukumbusho, inayotokana na kukumbusha, kitenzi chenye kiambishi cha kusababisha. Tofauti hiyo ya mnyambuliko ni tofauti ya idadi ya watu. Mtu mmoja akiwa peke yake anatosha kukumbuka. Ili pawe na kukumbusha ni lazima wawepo wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Hata neno makumbusho, ambalo Kiswahili sanifu hulitumia kwa jumba la kuhifadhi vitu vya kale, limetoka katika kitenzi hicho cha pili. Kwa asili yake ni mahali pa kukumbushana.

Wachoraji wa Katanga walilijua hilo. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika uchunguzi wao wa mwaka 1976 juu ya michoro ya umma, walieleza kwamba watu waliithamini michoro hiyo kwa sababu ya ukumbusho. Mchoro ulinunuliwa ukatundikwa sebuleni, katika nyumba ya mfanyakazi. Mgeni alipoingia aliutazama, akauliza, na mwenye nyumba akasimulia. Mgeni aliyekuwa na habari nyingine aliongeza au alipinga. Mchoro ulioitwa Colonie belge, unaoonyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya ofisa mkoloni, ulirudiwa na wachoraji wengi, ukaenea katika nyumba nyingi. Haukuwa ukileta habari mpya kwa yeyote. Ulikuwa ukifungua mazungumzo.

Ukiangalia vizuri, sebule ile ilikuwa konferansi kabla ya konferansi. Palikuwa na mada, palikuwa na kielelezo, palikuwa na msemaji na wasikilizaji, na nafasi za watu ziliweza kubadilishana. Mhadhara wetu wa leo una kielelezo bora zaidi kinachoonyeshwa ukutani kwa umeme, ila nafasi za watu hazibadilishani. Mtaalamu ana kumbukumbu, nayo imepangwa na kuhakikishwa. Hadhira hupewa kumbukumbu hiyo, nayo hutoa ushuhuda utakaoongezwa kwayo. Ukumbusho kwa maana yake halisi, yaani watu wawili kuamshana juu ya jambo walilolipitia au kulirithi, huwa haujatokea.

Kiswahili kipi?

Kuna pingamizi ambalo hutolewa kila mara hoja hii inapoletwa, nalo ni zito. Husemwa: mhadhara utatolewa kwa Kiswahili kipi? Kiswahili sanifu, ambacho kwetu huitwa Kiswahili bora, ni cha shule, cha kanisa na cha vitabu, na wengi wa hadhira hukisikia kama lugha ya mbali. Kiswahili cha Lubumbashi, kwa upande wake, husemwa kuwa ni cha sokoni na cha kambini, kimejaa Kifaransa, hakina istilahi za kutosha kubebea hoja za historia.

Sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo ni ya kweli, na makala haya ni ushahidi wake. Yameandikwa kwa Kiswahili ambacho mzee wetu, kama angeyasoma, angeyaona kama mahubiri. Jarida la chuo kikuu lina wasomaji wake kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, nalo lahitaji lugha inayowakutanisha. Lakini lugha ya jarida haiwezi kulazimishwa kuwa lugha ya kikao.

Sehemu ya pili ya pingamizi hilo haisimami. Edgar Polomé, aliyefundisha Elisabethville kabla ya uhuru, na Schicho baada yake wamekwisha kuonyesha kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina sarufi yake yenye utaratibu. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996, ameonyesha kwamba hata kule kuchanganya Kifaransa na Kiswahili katika mazungumzo kuna kazi yake katika kupanga hoja, wala si upungufu wa msemaji. Na juu ya istilahi, Yav aliandika historia nzima ya mji kwa lugha hiyo mwaka 1965. Tshibumba aliieleza historia ya nchi nzima kwa lugha hiyo. Kama lugha hiyo iliweza kueleza kuingia kwa wakoloni, Union Minière, vita na kujitenga kwa Katanga kati ya mwaka 1960 na 1963, kwa hakika yaweza kueleza muhtasari wa mhadhara wa saa moja. Msomi atakayesema kwa lugha hiyo atachanganya maneno ya Kifaransa, kama wanavyofanya wote mjini. Hadhira haitamcheka. Itamjibu.

Historia ya nani?

Lipo jambo zito zaidi ya fasiri mbaya za mwandishi huyu. Historia ya Katanga si mada ya baridi. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Walikuwa mamia ya maelfu, na wengi wao walilala siku nyingi katika vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, wazazi au mababu wao wakiwa wameletwa na kampuni kuja kufanya kazi ya migodi. Waliofukuza na waliofukuzwa waliweza kusikilizana vizuri, maana walikuwa na Kiswahili kimoja.

Tangu wakati huo kila anayezungumzia hadharani historia ya eneo hili anakanyaga mahali penye kidonda. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mipaka mipya huleta maswali mapya juu ya nani mwenyeji na nani mgeni. Iwapo mazungumzo ya historia yatafanywa ndani ya vyama vya kikabila tu, kila chama kitakuwa na wahenga wake na dhuluma zake, na wa jirani hatakuwepo kusahihisha. Iwapo yatafanywa kwa Kifaransa cha kitaalamu tu, yatakuwa ya haki na ya uangalifu, lakini yatapita juu ya vichwa vya wale ambao siku moja huenda wakaambiwa tena kwamba jirani yao ni adui.

Kiswahili cha Lubumbashi hakina kabila mjini hapa. Kilikuja na biashara, kikateuliwa na utawala na kampuni kwa manufaa yao, kama Fabian alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, kisha watu wa asili mbalimbali wakakifanya kuwa chao katika kambi na mitaa. Ndiyo lugha ambayo Mluba, Mbemba, Mlunda, Msanga na mtoto wa Kasai waliitumia kugombana na kupatana. Mhadhara unaotolewa kwayo unawaita wote pamoja, na unawaita wakiwa wenye mali. Hilo halitazuia ubaya peke yake. Mwaka 1992 Kiswahili hakikuzuia kitu. Lakini mazungumzo yanayofanywa mbele ya jirani, kwa lugha ambayo jirani anaweza kuyajibia, ni magumu zaidi kugeuzwa kuwa hadithi za chuki.

Mapendekezo

Kutokana na yaliyoelezwa, twapendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwelekeo wa fasiri ugeuzwe. Mhadhara utolewe kwa Kiswahili cha mji, na muhtasari wa Kifaransa uandaliwe kwa ajili ya wageni na wanafunzi wanaouhitaji. Anayefasiriwa awe mgeni. Mwenyeji asikie mambo yake bila mkalimani.

Pili, mwenye fasiri yake apewe nafasi mwanzoni. Kama mada ni kambi, mgomo wa 1941 au mpango wa mwaka 2003 ambao kwao wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, mzee au mama mmoja aseme kabla ya mtaalamu, kwa muda ule ule, naye mtaalamu amjibu. Juu ya mgomo wa 1941, kwa mfano, hesabu ya waliouawa hutofautiana kati ya maandishi ya wakoloni na masimulizi ya mji. Tofauti hiyo haitatatuliwa kwa kumshukuru mzee. Itaeleweka vizuri zaidi kwa kumwuliza mbele ya watu aliipata wapi hesabu yake, na kwa mtaalamu kukubali kuulizwa vivyo hivyo juu ya yake.

Tatu, yatakayosemwa yanaswe na kunakiliwa neno kwa neno, kwa lugha ile ile yaliyosemwa, na nakala ibaki mjini. Kazi hii yaweza kufanywa na wanafunzi wa isimu kama zoezi la masomo yao. Kisha katika kikao kinachofuata nakala isomwe kwa sauti, ili wasemaji waisahihishe. Maandishi ya Yav yametufundisha kwamba lugha hii inapoandikwa haiachi kuhitaji sauti. Laiti kikao chetu kingefuata utaratibu huo, mzee asingengoja kutoka nje ili anisahihishe. Angefanya hivyo mbele ya wote, na mtaalamu angelazimika kufikiri upya juu ya ile hamu ya zamani aliyoiona imekwisha kuchunguzwa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba katika kazi za umma wa Lubumbashi Kifaransa kilikaa nje na Kiswahili ndani, na kwamba katika kazi nyingi za wasomi juu ya umma huo mambo yamegeuka. Katika vitabu mgeuzo huo una sababu zake. Katika mihadhara ya wazi hauna, na hasara yake yaonekana: fasiri za wenyeji hushushwa kuwa ushuhuda, na ukumbusho hugeuzwa kuwa kumbukumbu ya wachache.

Hasara hiyo ina haraka yake. Waliozaliwa kabla ya mgomo wa 1941 wamebaki wachache sana, na waliofanya kazi Union Minière kabla haijawa Gécamines ni wazee. Mzee aliyenisahihisha nimemtafuta baadaye ili nimwombe arudie maneno yake mbele ya chombo cha kunasia sauti, nikaambiwa amekwenda kuishi kwa mwanawe mbali na hapa. Kilichobaki mjini kutokana na dakika zake kumi ni sentensi zangu mbili katika ripoti ya kikao, kwa Kifaransa, nazo zasema jambo ambalo hakulisema.

Makala haya yameandikwa ili angalau sahihisho lake liwe limechapishwa kwa Kiswahili.